Ni Kama Baba: Maneno Niliyosema Baada ya Kuonyesha The Kid

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mlioketi sakafuni kwa sababu viti vimeisha, habari za jioni. Nashukuru mmebaki. Sinema ikishaisha na taa zikawashwa, mtu wa kawaida hutafuta viatu vyake akaenda zake, hasa akisikia kuna mzee anataka kusema.

Sitasema kwa muda mrefu kuliko filamu yenyewe. Hii mliyoitazama ni dakika 53 hivi. Ilipotoka Marekani mwanzoni mwa 1921 ilikuwa mikanda sita, ndefu zaidi kidogo. Mwaka 1971, akiwa ameshavuka miaka 80, Charles Chaplin aliipunguza vipande na kuitungia mwenyewe muziki mliousikia. Kwa hiyo mnachokiona ni kazi ya kijana wa miaka 30 iliyopitishwa mkasi na babu. Huenda ndiyo sababu haina mahali inapokuchosha.

Mimi niliiona mara ya kwanza mwaka 1974, shule ya msingi, kwenye shuka jeupe lililotundikwa kati ya miembe miwili. Jenereta lilinguruma nyuma ya jiko la shule. Filamu bubu, kama mlivyoona, haina sauti ya watu, ina maandishi yanayokuja na kupotea. Mwalimu wetu alisimama kando ya shuka na fimbo ya ubaoni, maandishi yakitokea anayasoma kimya, kisha anatutangazia kwa Kiswahili. Nyinyi mna madijei wenu wanaowatafsiria filamu za Kikorea. Sisi dijei wetu alikuwa mwalimu wa hesabu.

Mnakumbuka mtoto anapougua na daktari anakuja. Daktari anamtazama yule mtu mchafu anayemlea, anamtazama mtoto, anauliza: "Wewe ndiye baba wa mtoto huyu?" Likaja jibu kwenye shuka. Mwalimu akalisoma, akakuna kichwa, akalisoma tena mpaka likakaribia kutoweka. Mwishowe akasema, "Anasema... ni kama ndiye."

Tulicheka tukagaragara kwenye nyasi. Ni kama ndiye! Mtu anaulizwa kama yeye ni baba, anajibu ni kama. Mimi nilicheka na wenzangu, halafu katikati ya kicheko kitu kikanikwama kooni, kwa sababu nyumbani kwetu hali ilikuwa hiyo hiyo. Mama alipanga chumba kwa mzee mmoja fundi cherehani. Hakuwa ndugu yetu kwa damu wala kwa ndoa. Lakini ndiye aliyenishonea kaptula ya shule kwa mabaki ya vitambaa, mfuko wa kulia rangi moja na wa kushoto rangi nyingine. Na karatasi za shule zilipokuja, mnazijua, zile zenye mstari umeandikwa "Sahihi ya mzazi/mlezi", yeye alikuwa anavaa miwani, anaisoma yote kana kwamba ni hati ya shamba, kisha anatia sahihi yake ndogo mwisho kabisa wa mstari, upande wa pili wa ule mkwaju. Hakuwahi kuigusa nafasi ya mzazi. Leo nataka kusema juu ya watu wanaotia sahihi upande ule.

Kwanza tukubaliane majina. Aliyeitunga filamu hii, akaiongoza na kuigiza ndani yake, ni Chaplin, Mwingereza aliyezaliwa London tarehe 16 Aprili 1889. Lakini yule mwenye kofia ya duara, koti la kumbana, suruali ya kumpwaya na fimbo ya henzirani, huyo nitamwita Chale. Kiswahili kinalo neno hilo kwa maana ya mchekeshaji, limo kwenye kamusi, na wazee walionilea hawakuwa na shaka hata chembe kwamba limetoka kwa Charlie huyu huyu. Mtu akizidisha vichekesho barazani anaambiwa aache uchale. Basi Chale ni wetu kidogo, tumemlea kwenye lugha.

Sasa turudi mwanzo wa filamu, pale kwenye uchochoro. Asubuhi Chale anatembea kwa maringo, taka zinamwagwa kutoka madirishani, anakwepa hizi, zile zinampata. Anakuta kitoto kimefungwa nguo kando ya takataka. Tazameni anachofanya kwanza. Hamhurumii. Anainua uso na kutazama juu, kwenye madirisha, kana kwamba mtoto naye kamwagwa na maganda. Kisha anajaribu kumwondoa mikononi mwake. Kuna mama ana kigari cha mtoto, anamtumbukizia humo wawe wawili, mama anakuja juu. Anambambika mzee mmoja, mzee naye anamtoroka mtoto, mtoto anarudi kwa Chale. Hatimaye anaketi ukingoni mwa barabara, kachoka, mtoto mapajani. Anainua kifuniko cha mfereji wa maji machafu. Anachungulia.

Hapo ukumbi huu uliguna. Nilimsikia bibi mmoja nyuma yangu akisema "astaghfirullah" kwa sauti ya kweli kabisa, kana kwamba angeweza kumkamata mkono.

Kifuniko kinarudi mahali pake. Ndipo anapokiona kile kikaratasi: tafadhali mpende na umtunze mtoto huyu yatima. Anamtazama, anatabasamu, wanakwenda nyumbani.

Mimi namheshimu Chaplin kwa kile kifuniko kuliko kwa vichekesho vyake vyote. Mtunzi mwingine angetuonyesha mwanamume anayemwona mtoto na moyo ukayeyuka papo hapo. Chaplin kakataa. Kasema: mtu huyu alijaribu kumkwepa, tena zaidi ya mara moja, na wazo baya kabisa lilimpitia. Wanaume humu ndani mnaojua hofu ya siku ile mliyoambiwa "nina mimba" na ukapita usiku mzima ukihesabu madeni, mnaelewa. Upendo wa Chale haukuwepo kabla ya kazi. Umekuja baada yake, ukitoka mikononi.

Naomba niikae hii mikono kidogo, maana filamu yenyewe imeikaa.

Mnakumbuka chumba kile cha juu chenye dari lililoinama. Mtoto amewekwa kwenye kitanda cha kuning'inia, kama susu letu la jikoni. Juu yake linaning'inia birika la kahawa, sisi wa pwani tungesema dele, na kwenye mdomo wa birika imefungwa chuchu. Mtoto ananyonya mwenyewe, birika likimponyoka linarudi. Chini, Chale ana kazi ya mkasi, anakata shuka lake mwenyewe kuwa nepi. Kisha anamgusa mtoto matakoni na kugundua lililogunduliwa na kila mlezi duniani. Anachukua kiti, anakikata tundu katikati, anaweka chombo chini yake. Tayari, choo cha mtoto.

Nyinyi mlicheka. Mimi pia nilicheka, kama nilivyocheka mwaka 1974. Lakini safari hii nilikuwa nawatazama kina mama wa safu ya pili. Walicheka kwa namna nyingine, kama fundi anayemwona fundi. Hakuna hata kimoja katika vitu vile ambacho ni mzaha mtupu. Ukiwa huna pesa, huna mke, huna mama wa kukuelekeza na una mtoto wa wiki kadhaa, utafika kwenye birika. Utafika kwenye kiti chenye tundu.

Na jicho langu linarudi nyuma kidogo, kwa mwanamume mwingine aliyemo kwenye filamu hii kwa dakika chache tu. Ni yule mchoraji, baba mwenye damu. Picha ya mama wa mtoto, yule aliyemwacha, inaanguka kwenye moto wa sebuleni. Anaichomoa haraka, tunapata matumaini. Anaitazama, anaona imeshaungua, anairudisha motoni. Basi. Hiyo ndiyo kazi yote ya mikono ya baba mzazi ndani ya The Kid. Chaplin hakumtukana, hakumwandikia hata neno moja la laana. Yule mama, aliyeigizwa na Edna Purviance, ndiye aliyeandikiwa maneno mwanzoni, kwamba dhambi yake ilikuwa kuwa mama. Kwa 1921 maneno hayo yalikuwa na uchungu wa kejeli. Hata leo naona kuna mitaa yatakaposomwa bila kejeli.

Miaka mitano inapita. Chale yumo kitandani, mtoto yumo jikoni anapika. Jamani, vile ni vitu gani kama si chapati za maji? Mtoto anazipanga, anamwita mzee aamke. Mzee anaingiza kichwa kwenye tundu la blanketi, blanketi linakuwa kanzu, anashuka mezani kama tajiri. Chapati zinagawanywa sawa kwa sawa, baba na mwana, hakuna mkubwa hakuna mdogo. Nitairudia sehemu hii, msiondoke.

Sasa niseme habari za nje ya filamu, kwa sababu zinaibadilisha.

Mwezi Julai 1919, Chaplin na mke wake wa kwanza, mwigizaji Mildred Harris, walipata mtoto wa kiume, wakamwita Norman. Alizaliwa tarehe 7. Tarehe 10 alikufa. Siku tatu. Chaplin alikuwa na miaka 30, maarufu kuliko wafalme, na alikuwa amekaa muda hajui atengeneze nini. Siku kama kumi baada ya mazishi alikuwa studio kwake Hollywood akikagua watoto wachanga wa kuigiza.

Kuna watakaosema huo ni ukatili, mtu hajamaliza hata siku za matanga. Mimi nawaambia nimewaona wanaume wakifiwa. Mmoja alikaa kimya mwaka mzima. Mwingine alirudi kutoka makaburini akaanza kubomoa ukuta wa uani ambao haukuwa na kasoro, akaujenga upya. Chaplin alikuwa na studio, basi akajenga chumba chenye susu na birika.

Mtoto mkubwa alimpata jukwaani, kwenye jumba la Orpheum, Los Angeles. Baba yake, Jack Coogan, alikuwa mchezaji wa maonyesho, na mwisho wa zamu yake akamtoa mwanawe wa miaka minne, Jackie, acheze kidogo na kuaga watu. Chaplin aliposikia baadaye kwamba mchekeshaji mwingine amewachukua Coogan, alijilaumu sana, hadi alipogundua aliyechukuliwa ni baba peke yake. Akaenda kumwomba mtoto. Baba akakubali papo hapo. Likumbukeni hilo.

Kipawa cha Jackie kilikuwa kuiga. Unamwonyesha mara moja, anakirudisha kile kile na chake juu. Angalieni anavyotembea, anavyokunja mguu, anavyopandisha mabega. Ni Chale mdogo. Chaplin, ambaye mwanawe hakumwiga chochote kwa kuwa hakupata muda, alikaa miezi akimfundisha mtoto wa mtu mwingine atembee kama yeye. Alipiga picha nyingi ajabu kulinganisha na alizotumia. Na katikati ya ndoa iliyokuwa inavunjika, kwa hofu kwamba mawakili wa mkewe wangeikamata filamu, aliisafirisha hadi Salt Lake City ikiwa imefichwa kwenye makopo ya kahawa, akaikatia huko kwenye chumba cha hoteli. Birika la kahawa, makopo ya kahawa. Sijaunganisha mimi, limetokea lenyewe.

Lakini chumba kile chenye dari la kuinama hakikutoka Hollywood. Kimetoka kusini mwa London. Baba yake Chaplin, naye akiitwa Charles, alikuwa mwimbaji wa kumbi za starehe, mlevi, aliyeachana na mama yao watoto wakiwa wadogo. Mama, Hannah, naye mwimbaji, sauti ilimwisha, kisha akili ikaanza kumchezea. Mwaka 1896, Charlie akiwa na miaka saba, yeye na kaka yake Sydney na mama yao waliingizwa kwenye nyumba ya maskini ya Lambeth. Watoto wakapelekwa Hanwell, kwenye shule ya yatima na mafukara. Huko walitenganishwa, kichwa kikanyolewa.

Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1964, anasimulia siku moja ambayo mama aliomba watolewe wote, kisheria kabisa, kana kwamba wanaondoka moja kwa moja. Wakavaa nguo zao wenyewe zilizokunjamana. Wakaenda bustani ya Kennington, wakanunua matunda, wakatengeneza mpira wa gazeti wakarushiana. Jioni mama akawaambia watawahi chai. Wakarudi wakajiandikisha upya, maofisa wakikasirika kwa usumbufu. Kurushiana mpira wa gazeti siku moja. Halafu mtu anatuuliza kwa nini kwenye filamu gari la nyumba ya yatima linatisha kuliko gari la polisi.

Na baba? Anasema mara ya mwisho kumwona alikuwa akipita kwenye baa moja ya barabara ya Kennington. Akachungulia mlangoni, bila sababu, kuona kama baba yumo. Baba alikuwemo, kwenye kona, mgonjwa, kavimba. Uso ukamchangamka akamwita. Akamuulizia mama, akamuulizia Sydney. Kijana alipotaka kuondoka, baba akamvuta akambusu. Chaplin anaandika kwamba hilo lilikuwa busu la kwanza kupata kwa baba yake. Lilikuwa pia la mwisho. Charles mkubwa alikufa 1901, akiwa na miaka 38.

Basi sasa naomba mulikumbuke lile gari.

Daktari ameuliza, Chale amejibu ni kama, ametoa kile kikaratasi alichokihifadhi miaka mitano kuonyesha ushahidi. Na ushahidi wake ndio unaomponza. Wanakuja watu wa nyumba ya yatima. Yule mkubwa wao mwenye kofia hamsemeshi Chale hata kidogo. Anamwagiza dereva wake amuulize, dereva anauliza, Chale anajibu, dereva anampelekea mkubwa jibu, na wote watatu wamo chumba kimoja! Wangapi humu mmewahi kwenda ofisini mkasemwa hivyo, mkiwa mmesimama pale pale? Chaplin aliyajua hayo tangu ana miaka saba.

Inaanza vurugu, mtoto na nyundo, unga unarushwa, askari anaingia. Mtoto anatupwa nyuma ya gari. Anasimama, ananyoosha mikono miwili mbele, analia. Chale anawaponyoka, anatokea kwenye paa, anakimbia juu ya mapaa gari likipita chini, anarukia, anamtupa nje yule ofisa. Kisha anamshika mtoto uso kwa mikono miwili na kumbusu mdomoni. Wote wawili wanatetemeka. Hakuna kichekesho hapo. Kamera haiondoki. Mtu aliyebusiwa na baba yake mara moja tu maisha yake yote, ndani ya baa, amejipa kazi ya kuonyesha busu lenyewe linavyokuwa.

Ningependa niishie hapo, ni pazuri. Lakini kilio cha Jackie nacho kina habari yake, na aliyeisimulia ni Chaplin mwenyewe. Mtoto alikuwa anacheza, hakuweza kulia. Baba yake akasema nitamliza mimi. Chaplin hakustahimili, akaondoka. Baadaye akasikia mayowe. Baba alimwambia mwanawe kwamba asipolia wataondolewa studio na atapelekwa kweli kwenye nyumba ya maskini. Chaplin akambeba Jackie akambembeleza kwamba hakuna atakayempeleka popote. Mtoto akamnong'oneza kuwa alikuwa anajua, baba alikuwa anatania tu.

Labda alijua. Machozi mliyoyaona ni ya kweli vilevile.

Na siwezi kumpamba Chaplin kupita kiasi, maana tukiwapamba watu hawa tunawadanganya watoto. Kwenye ile sehemu ya ndoto, uchochoro umejaa maua na watu wana mabawa, mmoja wa wale malaika ni binti wa miaka 12. Mwaka 1924 binti huyo alikuwa na miaka 16, Chaplin ana 35, akamwoa. Aliyeweza kuona kwa undani vile utoto wa mvulana alikuwa kipofu kwa utoto wa msichana aliyesimama mbele ya kamera yake. Nimelisema, na sitalifunika kwa muziki.

Chale mwenyewe si baba wa kuiga pia. Anamtuma mtoto akavunje vioo vya watu kwa mawe ili yeye apite nyuma na vioo mgongoni, fundi vioo. Mtoto akipigana anamshangilia, hadi linapotokea jitu, kaka wa yule mwingine, ndipo anapoanza kumsihi mwanawe ashindwe. Mimi fundi wangu wa cherehani alikuwa ananipeleka kudai madeni yake kwa sababu wadaiwa waliona haya kumtukana mtoto. Nilikuwa na miaka tisa. Najua mama asingelipenda. Alikuwa mlezi mwenye njaa, na mlezi mwenye njaa hulea kwa alichonacho.

Haya, Jackie. Filamu ilipotoka akawa mtoto mashuhuri kuliko wote duniani. Mwaka 1924 alizungushwa kuhamasisha misaada kwa yatima wa Kiarmenia na Kigiriki, yeye aliyekuwa amewaigiza yatima. Inakadiriwa alichuma kati ya dola milioni 3 na 4, za wakati ule. Mei 1935 alikuwa garini na baba yake, gari likapata ajali, baba akafa, Jackie peke yake akapona. Miezi michache baadaye akatimiza miaka 21 akaenda kuomba pesa zake. Mama yake aliolewa upya, na mtu aliyekuwa msimamizi wa mali. Jibu likawa kwamba sheria ya California inasema alichochuma mtoto kabla ya miaka 21 ni cha mzazi.

Na kweli, sheria ilisema hivyo.

Akashitaki 1938. Katika zile milioni zilikuwa zimebaki kama dola 250,000. Yeye akapata 126,000. Mwaka uliofuata, 1939, California ikatunga sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, na hadi leo watu huiita kwa jina la Coogan. Tangu 2000 inataka asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe akiba asiyoweza kuigusa mtu mpaka akue.

Mnaona nilipowafikisha. Ndani ya filamu, mtu asiye na damu, asiye na karatasi isipokuwa kile kikaratasi, anagawa chapati sawa kwa sawa na mtoto. Nje ya filamu, wenye damu na karatasi zote walikula chapati zote wakasema sheria inaruhusu. Yule mkubwa mwenye kofia akija leo kukagua nyumba hizi mbili, ataondoka na mtoto wa nani? Ataondoka na wa Chale. Ataona nepi za shuka na kiti chenye tundu, atatikisa kichwa. Nyumba ya pili ataikuta na zulia.

Nimekaa miaka mingi kwenye mabaraza ya mtaa na kwenye kamati za shule, na nimesikia neno "damu nzito kuliko maji" likitumiwa kumnyang'anya mtoto nyanya aliyemlea miaka minane ili apelekwe kwa baba aliyejitokeza siku mtoto alipofaulu. Nimesikia pia wahenga wakijibu, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Hakuna aliyekuwa akiwasikiliza. Siombi tuidharau damu. Yule mama wa kwenye filamu alirudi kumtafuta mwanawe na mimi namuunga mkono kabisa. Naomba tu, mtoto anapogombewa, mtu mmoja kwenye kikao aulize nani anajua ana mzio wa nini, nani alimshika usiku wa homa, nani alimfuta masikio. Majibu ya maswali hayo hayana mkwaju.

Mwaka 1972 Chaplin alirudi Marekani baada ya miaka 20 kupokea tuzo ya heshima ya Oscar. Alikuwa mzee, mwendo mzito. Miongoni mwa waliokuja kumlaki alikuwa Jackie Coogan, miaka 57, mnene, kipara, ambaye watoto wa Marekani walimjua kama yule mjomba wa ajabu wa kwenye tamthilia ya The Addams Family. Wakakumbatiana mbele ya watu. Mwanamume wa miaka 82 na mwanamume wa miaka 57. Ukitazama picha za watu hawa huoni kufanana hata kidogo.

Kijana mmoja wa hapa mbele aliniuliza wakati taa zinawashwa: ule mlango ukishafungwa mwishoni, Chale analala pale kwa mama wa mtoto, ambaye sasa ni tajiri, au anapewa chakula tu halafu anaondoka? Mwalimu wetu wa hesabu aliulizwa swali hilo hilo chini ya miembe, akazima jenereta. Mimi nitakuambia ninavyoona. Mtazame mtoto, si Chale. Mlango unapofunguliwa, mtoto anamrukia. Hamuulizi mtu ruhusa.

Fundi, kama umeme bado upo, nirudishie kwenye chapati za maji. Kuanzia anapoingiza kichwa kwenye blanketi.